Gari lilifungwa klampu ilhali ada nilikuwa nimelipa: jinsi nilivyoipinga faini ya maegesho

Mwenye uzi (Malindi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Malindi na wa kwingineko. Naandika kwa urefu kwa sababu juma lililopita jirani yangu wa mtaa wa Barani alinijia na notisi ya maegesho aliyopewa alipokwenda jijini kununua bidhaa za duka lake. Alikuwa amekwisha kulipa kila alichoambiwa alipe, hakuwa na nakala ya chochote, na alitaka nimsaidie kudai fedha zake. Nilisikitika sana, kwa kuwa haki alikuwa nayo ila ushahidi wote aliuacha barabarani. Naeleza yaliyonipata mimi ili mwingine asifike hapo.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kwa daktari wa macho katika jiji moja ambalo sitalitaja, kwani shauri langu nao kuhusu faini limekwisha. Niliegesha pikapu yangu mbele ya safu ya maduka, ndani ya mistari iliyochorwa, nikalipa ada ya siku kwa M-Pesa saa tatu kasoro dakika nane asubuhi. Ujumbe wa kuthibitisha ukaja papo hapo. Tulipotoka saa sita na robo, mama akiwa amefungwa jicho moja, tulikuta gurudumu la mbele upande wa kushoto limebanwa kwa klampu, na karatasi imegandishwa kwa gundi kwenye kioo, upande wa dereva.

Nilimwonyesha askari wa maegesho ujumbe wangu. Akaingiza namba ya gari katika kifaa chake, akaniambia kuwa gari hili halikulipiwa. Nilimwomba anionyeshe alichoandika. Herufi ya mwisho ya namba yangu ni B, naye alikuwa ameandika D. Nikaitazama notisi: nayo ilikuwa na D. Kwa maneno mengine, notisi ile ilikuwa ya gari lisilo langu, ingawa klampu ilikuwa kwenye gurudumu langu. Askari hakunitukana wala hakunipigia kelele; alisema tu kwamba yeye hana uwezo wa kuifuta notisi ikishaingia kwenye mfumo, na kwamba niende ofisini.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na ndiyo sababu hasa ya uzi huu. Mtu akishikwa na hasira hukimbilia ofisini, akalipa, klampu ikatolewa, akaondoka. Mimi nilimweka mama kivulini kwanza, kisha nikatumia kama dakika kumi kukusanya ushahidi, na dakika hizo ndizo zilizonirudishia fedha. Nilipiga picha ya gari zima pamoja na maduka yaliyo nyuma yake ili mahali pajulikane. Nikapiga picha ya namba ya gari kwa karibu, ya klampu, ya mistari iliyo chini ya magurudumu, na ya notisi ikiwa bado imeganda kwenye kioo kabla sijaibandua, halafu ya notisi hiyohiyo mkononi ili namba yake na saa iliyoandikwa zisomeke. Nikamwomba askari namba yake ya kazi kwa adabu, naye akanipa. Nikaandika kwenye daftari saa niliyofika, saa niliyoondoka, na maneno aliyoniambia. Muuza madafu aliyekuwa hapo tangu asubuhi alikubali kuwa shahidi iwapo nitahitaji.

Ofisini niliambiwa kwamba bila kulipa gari halifunguliwi, na kwamba likivutwa hadi yadi nitalipia pia uvutaji na kila siku litakayolala humo. Nikalipa. Lakini kabla ya kulipa niliandika barua fupi ya mkono, nakala mbili, yenye maneno haya: «Nalipa kiasi hiki kwa pingamizi, ili niachiliwe gari langu nimrudishe mgonjwa nyumbani. Sikubali kwamba nimefanya kosa, na ninahifadhi haki yangu ya kudai nirejeshewe fedha hizi.» Karani alisitasita. Nilimweleza kwamba simwombi akubaliane nami, namwomba tu agonge muhuri wa kupokea. Akagonga. Nakala hiyo yenye muhuri na tarehe ninayo hadi leo.

Dereva wa Barani

Kaka, ahsante. Mimi ndiye huyo jirani, kwa hiyo sina sababu ya kujificha. Nauliza: kwangu namba ya gari iliandikwa sawasawa, na ukweli ni kwamba sikulipa ada, kwa kuwa pale nilipoegesha hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kuwa ni maegesho ya kulipia. Mistari ilikuwa imefutika kabisa, na hapakuwa na kibao. Je, hiyo ni sababu au ni udhuru wa mtu aliyeshikwa?

Mwenye uzi

Ndugu yangu, tofautisha mambo mawili, kwani barua inayoyachanganya hushindwa. Kuna kusema «sikufanya kosa» na kuna kusema «nilifanya, ila nihurumiwe». La kwanza ni pingamizi, la pili ni ombi la msamaha. Ukiyaandika yote mawili katika barua moja, mwenye kuisoma atashika la pili, akalifanya kukiri.

Kwako wewe pingamizi lipo: mtu hawezi kutarajiwa kulipia mahali ambapo hakuna kinachomjulisha kwamba panalipiwa. Lakini hilo lasimama kwa picha. Kama hukupiga siku ile, mwombe mtu aliye huko apite akapige leo, tena asimame mbali kiasi cha kuonyesha barabara nzima kuanzia kona hadi kona, kwa sababu utajibiwa kwamba kibao kipo mwanzo wa barabara na wewe hukukitazama. Picha ya nafasi moja isiyo na rangi haitoshi.

Jambo lingine utakalouliza ni msingi wa ada yenyewe. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya usafiri wa kaunti, ikiwemo trafiki na maegesho, na Ibara ya 209 inaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Kwa hiyo usipoteze karatasi kubishana kwamba kaunti haina haki ya kutoza ada, inayo. Lakini Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na ada za maegesho pamoja na adhabu zake kwa kawaida huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti husika. Itafute, tazama jedwali la maegesho, ulinganishe kiasi ulicholipa na kiasi kilichoandikwa. Ikiwa ulitozwa zaidi, au ulitozwa kitu kisichomo, hiyo ni hoja isiyohitaji shahidi.

Mmalindi aliyeko Milano

Salamu kutoka ughaibuni. Mimi ni mzaliwa wa Shela, nimeishi Italia miaka mingi, na ninalazimika kutofautiana na mwenye uzi. Huku mtu anayekusudia kupinga faini ya maegesho halipi hata senti. Ukilipa, umekubali, na njia ya kupinga imefungwa. Sheria ya huku imeweka mambo wazi: ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30, na muda wa kulipa kiasi cha kawaida ni siku 60. Ukitaka kupinga, una milango miwili. Ndani ya siku 60 unaweza kumwandikia Prefetto, ambaye ni mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa, bila kulipia chochote. Lakini akikataa, kiasi unachodaiwa huongezeka hadi takriban maradufu. Au ndani ya siku 30 unakwenda kwa hakimu anayeitwa Giudice di Pace, na hapo unatoa ada ya mahakama, euro 43 kwa shauri dogo la namna hii. Niliwahi kumsaidia binamu yangu kupita mlango huo wa pili, na hakimu alimsikiliza kwa utulivu kabisa. Nashangaa kuona mnalipa kwanza ndipo mnadai.

Mwenye uzi

Dada yangu, nakushukuru kwa maelezo haya, na sipingi hata neno moja kuhusu huko uliko. Tofauti ni kwamba kwenu karatasi huachwa kwenye kioo na gari likaondoka na mwenyewe. Huku gari ndilo linaloshikwa. Mtu hawezi kumwacha mama mgonjwa kando ya barabara kwa ajili ya kutetea kanuni, wala hawezi kuliacha gari yadini siku ishirini huku gharama zikipanda kila kukicha. Ndiyo maana maneno «nalipa kwa pingamizi» yana uzito wake kwetu: yanaweka wazi kwamba malipo yalitolewa kwa kulazimika, hivyo yasigeuzwe kuwa ushahidi wa kukubali. Kama notisi yako haikuja na klampu, na gari unalo, basi nakubaliana nawe kabisa: andika kwanza, usilipe kwanza.

Nawaomba tu wasomaji wa hapa nyumbani wasizichukue siku hizo za Italia wakadhani ndizo zetu. Nimewahi kumsikia mtu katika baraza moja ya Barabara ya Lamu akidai kwa uhakika kwamba ana siku 60 za kufikiri. Soma notisi yako mwenyewe; kama imetaja siku, hizo ndizo za kuhesabu, na kama haikutaja, andika juma hilohilo.

Karani mstaafu

Wanangu, niliwahi kufanya kazi katika masijala ya baraza la mji enzi za kabla ya kaunti, na ninapenda kuongeza kidogo kuhusu safari ya barua, kwa sababu watu huandika barua nzuri zikafia njiani.

Barua haisomwi na mkubwa kwanza. Husomwa na karani wa masijala, naye hatafuti haki ndani yake, anatafuta faili la kuitia. Basi mstari wa MINT: (yaani mintarafu, unaotaja barua inahusu nini) ubebe namba ya notisi, namba ya gari na tarehe, si maneno ya uchungu. Niliona barua nyingi zilizoandikwa «MINT: DHULUMA NILIYOTENDEWA», na zote zilikwenda kwenye faili la malalamiko ya jumla, ambalo hakuna idara iliyokuwa na wajibu wa kulijibu. Lau zingeandikwa «MINT: OMBI LA KUFUTWA KWA NOTISI NAMBA FULANI», zingekwenda mezani kwa anayehusika na maegesho siku hiyohiyo.

Aya ya kwanza iseme unataka nini. Aya ya pili ieleze yaliyotokea kwa mpangilio wa saa. Aya ya tatu itaje vielelezo, kila kimoja na alama yake, A, B, C, na alama hizo ziandikwe kwenye vielelezo vyenyewe. Ukurasa mmoja unatosha. Usipeleke ujumbe wa M-Pesa ukiwa ndani ya simu. Chukua taarifa ya miamala yako, uichapishe, uupigie mstari muamala wenyewe ili ile namba yake yenye jumla ya herufi na tarakimu kumi ionekane. Na usitoe asili ya kitu chochote. Toa nakala, ubaki na asili.

Tena usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri. Ukiambiwa muhuri umetoka na mwenyewe, keti usubiri. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa, kwa ofisi, haijawahi kuandikwa.

Mwenye uzi

Mzee wangu, ningalikujua mwaka jana ningaliokoa juma zima, kwa sababu barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu na ilianza kwa kueleza ugonjwa wa mama. Haikujibiwa. Ya pili niliifupisha, na ndiyo iliyofanya kazi.

Katika barua hiyo ya pili niliomba mambo mawili zaidi ya kurejeshewa fedha. Kwanza, niliomba nipewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa njia ya haraka, halali, ya busara na yenye kufuata utaratibu wa haki, na inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza ibara hiyo imeongeza kwamba mtawala akiombwa sababu na asizitoe, itachukuliwa, mpaka athibitishe vinginevyo, kwamba hakuwa na sababu ya maana. Nilipoliandika jambo hili kwa sentensi moja tu, bila vitisho, lugha ya ofisi ilibadilika.

Pili, niliomba kumbukumbu za mfumo: namba ya gari iliyoingizwa siku ile, saa, na picha aliyopiga askari kama ipo. Hili liko chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, kutuma ombi hakulipiwi, na sheria yenyewe inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Nalisisitiza hilo la lugha kwa sababu wengi wetu hapa Malindi tunaandika Kiswahili fasaha, lakini tukifika kwenye barua ya serikali tunamlipa mtu atuandikie Kiingereza ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukitetea tukiulizwa. Mimi niliandika Kiswahili, na nilijibiwa.

Msomaji wa Maweni

Shikamoo mzee, na salamu kwa wote. Na kama ofisi inanyamaza kabisa? Je, mtu aende moja kwa moja mahakamani? Hapa Malindi tuna mahakama za ngazi mbalimbali, hadi Mahakama Kuu.

Wakili, mchangiaji

Nijibu kwa uangalifu, na kila mwenye shauri lake atafute ushauri wa karatasi zake mwenyewe.

Kabla ya kumwomba jaji atengue uamuzi wa kiutawala, sheria hiyo ya 2015 inakutaka uwe umemaliza njia za ndani, yaani rufaa au mapitio yanayopatikana katika ofisi husika. Mtu akiruka hatua hiyo, kesi yake inaweza kuondolewa bila kusikilizwa hoja zake. Kwa hiyo barua zenye muhuri mnazozisema si heshima tu, ni tiketi ya kuingilia mahakamani.

Ofisi ikinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Hupokea malalamiko ya kucheleweshwa, kutojibiwa na matumizi mabaya ya mamlaka, na ndiyo pia inayosimamia sheria ya habari. Haihitaji wakili. Kwa faini ya maegesho, naona ndiyo hatua yenye uwiano, maana gharama ya kesi ya Mahakama Kuu huizidi faini mara nyingi sana. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambayo inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Lakini hiyo hushughulikia fedha, haikukusudiwa kupima uhalali wa uamuzi wa ofisi, hivyo uliza kwanza kama dai lako linaingia humo.

Hali ni nyingine kabisa ukipelekwa mahakamani kama mshtakiwa. Hapo si ombi tena, ni kesi ya jinai, na Ibara ya 50 inakulinda: unahesabiwa huna hatia, una haki ya kujua shtaka kwa undani, ya kupewa muda wa kujitayarisha, na ya kupata mkalimani ikiwa huielewi lugha inayotumika. Ukikana shtaka, ni mwendesha mashtaka anayepaswa kuthibitisha. Watu wengi hukiri ili warudi nyumbani mapema, halafu hushangaa kwamba wana rekodi ya hatia kwa jambo ambalo wangaliweza kulieleza.

Dereva wa Barani

Naomba niseme jambo ambalo nimeona haya kulisema. Siku ile kuna mtu alinijia kando akaniambia nimpe kiasi fulani mkononi, klampu itatolewa bila karatasi. Sikumpa, ila ni kwa sababu sikuwa na noti. Wangapi hufanya hivyo?

Wakili, mchangiaji

Umenusurika, ndugu. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Tena ukishatoa, huna notisi, huna risiti, huna cha kupinga, na yeye anaijua namba ya gari lako.

Mwenye uzi

Nimalizie kwa yaliyonipata, maana wawili wameniuliza faraghani. Siku ya 19 tangu barua ya pili kupokelewa, nilipigiwa simu, kisha nikapata barua. Walikubali kwamba herufi ya mwisho iliingizwa kimakosa, notisi ikafutwa, na faini ikarejeshwa kwenye simu niliyolipia. Kiasi kidogo nilicholipa kwa ajili ya kufunguliwa klampu hakikurejeshwa, kwa maelezo kwamba kazi hiyo ilifanywa na mkandarasi. Mimi sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo, kwa kuwa klampu isingefunguliwa kama isingefungwa kwa makosa, na nimeandika barua ya tatu kuhusu hilo peke yake. Bado nasubiri.

Dereva wa Barani

Nimerudi kutoa taarifa. Leo asubuhi shemeji yangu amepita ile barabara, akapiga picha kumi na moja kuanzia kona hadi kona; hakuna kibao hata kimoja, na mistari haionekani. Taarifa ya M-Pesa nimeichapisha, muamala nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu kama alivyosema mzee. Barua ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na MINT: ina namba ya notisi. Kaka ameisoma, amenifutia aya nzima niliyokuwa nimeomba huruma. Kesho naondoka na basi la alfajiri, nakala mbili ziko kwenye bahasha, na sitaondoka dirishani mpaka muhuri ugongwe.